Chembe Nilizozifuta

Naandika haya kwa ruhusa ya mpwa wangu. Januari 2024, kwenye mteremko mmoja karibu na Innsbruck, Austria, alianguka akiteleza kwenye theluji na kano ya ndani ya goti lake la kushoto ikakatika. Jamaa na majirani wa Kibokoni, mtaa wetu wa Mji wa Kale katika pwani ya Kenya, wanalijua hilo, na wanajua pia kwamba mabuti aliyoyavaa siku ile yalikuwa zawadi yangu. Walinipa pole mimi kama walivyompa mamake. Nilizipokea pole zao huku nikijua jambo wasilolijua: usiku nilioyatoa mabuti yale kwenye kasha niliona dalili kwamba yameoza, nikaifuta kwa kitambaa.

Nianze na kazi yangu, ili msomaji asije akadhani kwamba nilikosa kwa kutojua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akishona makubadhi barazani petu Kibokoni. Mteja alivua viatu akasimama wima juu ya karatasi ya khaki, na babu akaipitisha penseli kuuzunguka mguu, penseli imesimama, hailali ndani wala nje. Kisha mguu wa pili. Mteja mwenye haraka akisema, "Pima mmoja tu, fundi, wa pili ni uo huo," babu hakumjibu. Alivuta karatasi nyingine. Mimi aliniambia baadaye kwamba miguu ya mtu ni ndugu, si pacha.

Mwaka 2007 nilikwenda Dubai kutafuta riziki, kama vijana wengi wa mtaa wetu. Miaka miwili nyuma, mwaka 2005, mji ule ulikuwa umefungua jumba la theluji ndani ya jengo la maduka. Nje jua la digrii 40 na zaidi, ndani baridi chini ya sifuri, na mteremko mrefu kuliko yote una mita 400. Nilipata kazi kwenye kaunta ya kukodisha mabuti ya skii, nikakaa nayo miaka saba. Babu alikuwa ameshafariki. Nilipopiga magoti mbele ya mteja wa kwanza na kipimo mkononi nilimkumbuka, nikajiona nimerudi kwenye kazi ya nyumbani.

Buti la skii lina sehemu mbili, gamba gumu la plastiki nje na kiatu laini cha ndani kinachochomoka. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimita. Anayevaa viatu vya 42 hawezi kuja akaomba 42. Anapimwa kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, na akitoka sentimita 26 na nusu, buti lake ni 26.5. Tukitaka uhakika tulichomoa kiatu cha ndani, mtu akautumbukiza mguu ndani ya gamba tupu, vidole viguse mbele kidogo tu, nami nikachungulia nyuma ya kisigino kwa tochi. Nafasi ya unene wa kidole kimoja, au kimoja na nusu, ni sawa. Ikipita vidole viwili gamba ni kubwa, hata mwenyewe aape kwamba yumo raha mustarehe.

Ugumu wa kazi ulikuwa hapo kwenye raha. Buti linalomfaa mtu humbana mwanzoni. Akisimama wima vidole vinagusa mbele. Akikunja magoti na kuuegemeza muundi kwenye ulimi wa buti, kisigino kinarudi nyuma na vidole vinapata pumzi. Ni hapo pa kuamulia, si wakati mtu amesimama kama mlingoti. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa nchi za joto, watu wa ndara na kandambili, ambao miguu yao haijawahi kushikwa namna ile. Walitaka namba kubwa, na kazi yangu ilikuwa kuwakatalia kwa upole na kuwaeleza. Mguu ukicheza ndani ya buti, ubao wa kutelezea haupokei amri: wewe wageuza mguu, mguu wazunguka ndani ya gamba, ubao waendelea kule kule ulikokuwa ukienda. Ukiona haukutii utaogopa, ukiogopa utakaa nyuma kama anayetafuta kiti, na ukikaa nyuma mbao zitakukimbia. Soksi iwe moja, ndefu, nyembamba. Ya pili haiongezi joto. Hufanya mikunjo na kuzuia damu.

Baada ya zamu tuliruhusiwa kuteleza wenyewe, na nikajifunza. Waswahili wenzangu waliofika pale niliwafundisha kupunguza mwendo kwa maneno yetu: zikutanishe ncha za mbele za mbao na uzitanue nyuma, upate kipande cha mkate wa sinia. Waliniamini. Nilikuwa mtu wa kuaminiwa. Kila usiku, kabla ya kuondoka, tulifuta makali ya chuma ya kila ubao yasishike kutu, tukachomoa viatu vya ndani vikauke, na mbao zilizochoka tukazipaka nta ya moto kwa pasi na kuikwangua ikishaganda. Hakuna ubao wa mteja uliolala na maji mbele yangu.

Kuna jambo moja zaidi la kazi ile sharti nilieleze. Buti na ubao huunganishwa na kifungio, na kifungio kina kazi mbili zinazovutana: kushika na kuachia. Mguu ukipindwa, cha mbele kifunguke. Mwili ukirushwa mbele, cha kisigino kifunguke. Nguvu ya kuachia huwekwa kwa skrubu na kusomwa kwa namba kwenye kidirisha kidogo. Namba hiyo hailetwi na hisia. Hutolewa kwenye jedwali, kwa uzito wa mtu, kimo chake, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna anavyoteleza, kama ni mwangalifu au mtu wa kasi. Kuna kiwango cha kimataifa kinachohusika, ISO 11088, nasi tulikatazwa kabisa kuigusa skrubu ile kwa kukisia. Mgeni wa kilo 60 na kidogo mara nyingi huangukia kati ya 3 na 4.

Mabuti yangu niliyanunua mwaka 2009 kwa Mlebanoni mmoja tuliyefanya naye kazi, alipokuwa akirudi kwao, ambako wana milima ya theluji. Yalikuwa mekundu, namba 28.5, mguu wangu hasa. Ndani ya gamba, ukichomoa kiatu cha ndani, palikuwa na duara dogo lenye mshale, alama ya mwaka plastiki ilipomiminwa: 2003. Mwaka 2014 nilirudi nayo nyumbani, nikayatia kwenye kasha la bibi, chumba cha chini, mabizimu yamebanwa hadi mwisho. Nilijua yanavyowekwa: viatu vya ndani vichomolewe vikaushwe, mabizimu yafungwe kwa kulegea, na mahali pawe pakavu penye ubaridi. Chumba kile kina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na masika ikiingia ukuta wenyewe hutoa jasho. Yalikaa humo miaka tisa.

Magamba mengi ya mabuti ya skii ni plastiki ya poliurethani, na adui wa poliurethani ni unyevu. Mvuke wa maji huipenya polepole na kuikata minyororo yake kwa ndani, hata kama buti halivaliwi na mtu, na penye joto kazi hiyo huenda mbio zaidi. Kwa macho gamba linang'aa vilevile, mpaka siku linapomeguka. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji somo la kemia kulielewa hili. Nani kwetu hajaona viatu vilivyotunzwa kwa ajili ya Idi, vikatolewa kabatini vizima, na soli zikabaki njiani vipande vipande kabla mwenyewe hajafika kwenye swala? Plastiki ya soli nyingi za namna ile ni jamaa ya hii.

Septemba 2023 mpwa wangu alipata nafasi ya kusoma Innsbruck, mji ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964 na tena 1976. Usiku wa kumsomea dua nyumba ilijaa. Baada ya kahawa na haluwa, mazungumzo yakaelekea kwenye theluji na wazee wakanigeukia. Mmoja akamkumbuka Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya kule Nagano mwaka 1998 akamaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea pale mwisho amkumbatie. Kijana mmoja akasema hata jirani zetu wa Kilifi wana mtu wao, Sabrina Simader, aliyezaliwa huko, akakulia Austria, akaibeba bendera ya Kenya Pyeongchang mwaka 2018. Nikawaeleza tofauti: Boit alikuwa wa masafa, kiatu chake chepesi na kisigino huinuka kwa kila hatua, na Simader ni wa kushuka milima, buti lake hushikwa mbele na nyuma. Ukumbi ulinyamaza kunisikiliza. Tangu nirudi, kwa miaka tisa, hapakuwa na mtu aliyenitaka maarifa yale. Nikasimama, nikasema nina kitu cha kumpa kijana, nikashuka chini.

Taa ya chumba kile ni hafifu. Nililifungua kasha, nikaliinua buti la kulia, na chini yake, juu ya kitambaa nilichokuwa nimetandika, palikuwa na chembe. Zilikuwa nyeupe zenye ukijivu, ukubwa wa chenga za mchele, labda kumi na tano. Zilitoka kwenye soli, iliyokuwa na rangi hiyo. Nilipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele, pale kifungio kinaposhika, kidole kikarudi na unga. Gambani, kando ya bizimu la pili, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nililielekeza kwenye taa, nikauona vizuri. Juu, dadangu akaita, "Kakangu, waleta au huleti?" Nikachukua kitambaa. Nikafuta chembe za kashani, nikafuta soli mpaka haikutoa unga tena, nikalipaka gamba mafuta ya nazi likang'aa na ule ufa ukapotea ndani ya mng'ao. Nikayapandisha.

Yaliyonipitia kichwani pia nayasema. Nilijiambia kwamba huko aendako kuna mafundi, watayakagua. Nilijiambia atayavaa mara moja mbili, kisha atanunua yake. Lakini chini ya hayo palikuwa na jambo moja tu, kwamba nimeshasema mbele ya watu nina zawadi, na nisingeweza kurudi mikono mitupu.

Aliyavaa palepale kwenye mkeka. Akasimama, akatembea hatua mbili, watu wakashangilia. "Mazuri, Mjomba," akasema, "hayanibani hata kidogo." Kaunta yangu ingenifundisha kuyavua papo hapo kwa maneno hayo. Yeye huvaa viatu vya 42. Buti lile lilimzidi kwa sentimita mbili nzima. Nikamwambia avae soksi mbili. Katika nyumba ile ile, hatua chache kutoka baraza ambapo babu hakukubali kupima mguu mmoja, mimi sikupima hata huo mmoja. Kwa miaka saba niliwapima wageni nisiowajua majina, nikawakatalia buti kubwa mpaka wengine wakanikasirikia, na mtoto wa dadangu nikamwacha aende na buti la mtu mwingine.

Desemba akaazima mbao kwa mwenzake wa chuo, wakaanza kwenda mlimani siku za mapumziko. Mara ya kwanza alinipigia kusema miguu yafa ganzi na mbao hazimsikii. Nikamwambia abane mabizimu zaidi. Mara ya pili akasema ubao wa kulia wachomoka hata kwenye tambarare, bila yeye kuanguka. Ubao ukichomoka ovyo, kitu cha kwanza kutazama ni soli ya buti, kama ukingo wake bado mzima wa kushikwa. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Kumwambia atazame soli kungekuwa kumwambia akione nilichokifuta.

Nikamwambia atafute bisibisi. Kwenye simu ya video nikamwonyesha skrubu, moja baada ya nyingine. Kidirisha kilisoma 3 na nusu.

"Mpaka wapi, Mjomba?"

"Mpaka 6. Mbao zote mbili."

"Si hatari?"

"Mimi nimeifanya kazi hii miaka saba."

Wiki tatu baadaye gamba la buti la kulia lilipasuka kwenye kifundo alipokuwa akikata kona. Mguu ule ukakosa nguzo, uzito wote ukahamia kushoto, naye alikuwa ameshakaa nyuma kama wote wanaovaa buti lisilowashika. Ubao wa kushoto ukashika ukingo ukageuka, na kifungio hakikuachia. Alisikia mlio gotini kabla ya kufika chini.

Daktari wa huko alimweleza kwamba goti huweza kukatika hata kifungio kikiwa kimewekwa sawasawa, kwa sababu vifungio vilibuniwa kuuokoa muundi usivunjike, si kano za goti. Ni kweli, na ukweli huo niliushikilia kwa miezi kama mtu anayeshikilia ukuta. Lakini chake hakikuwa kimewekwa sawasawa. Kilikuwa 6, na aliyekipandisha ni mimi.

Sasa nafika kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote. Usiku wa pili baada ya upasuaji alinipigia kutoka kitandani. Aliuliza kwa adabu, bila ya kunituhumu: "Mjomba, yale mabuti yalikuwa na kasoro yoyote?" Nikamjibu, "Nilipokupa yalikuwa mazima." Akasema, "Basi ni mimi." Nikanyamaza.

Muhula mmoja ulimpita, na miezi mingi akaenda kwa magongo na mazoezi. Dadangu alikuwa akiniletea futari Ramadhani ile, akinituliza nisijisumbue, akisema yaliyoandikwa yameandikwa. Nilikula.

Agosti 2024 alikuja likizo. Kwenye sanduku lake la safari, chini ya nguo, alikuwa na buti la kushoto, lililosalia. Alinibebea kutoka Austria kwa kuwa alidhani ningependa kukaa nalo liwe kumbukumbu ya kazi yangu. Akaliweka mkekani mbele yangu. Nilibonyeza ukingo wa soli kwa kidole gumba, mbele yake, na kipande kikatoka kama kashata iliyokauka. Akakiokota, akakitazama, akanitazama mimi. Hapo nikamweleza yote: chembe, unga, ufa, mafuta ya nazi, soksi mbili, ubao uliokuwa ukichomoka na kwa nini ulichomoka.

Hakunikatiza. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, akainuka akaenda msikitini, bado akiuburura mguu kidogo kwenye ngazi. Nilimngoja barazani. Aliporudi aliketi kando yangu akasema maneno nisiyoyapunguza wala kuyaongeza: "Ungeniambia kabla sijasafiri, nisingeanguka. Hilo nimekusamehe, Mjomba. Lakini ungeniambia hospitali, nisingejiona mjinga miezi saba." Kumbe kwa muda wote ule alikuwa akirudia anguko lile kichwani, akitafuta kosa la mwili wake, wapi aliegemea vibaya, kona gani aliichelewa. Alikuwa ameshaamua kwamba watu wa kwetu hawakuumbiwa mlima, na kwamba aliyejaribu alijitakia.

Nilimwambia dadangu usiku uleule, mpwa wangu akiwapo. Dadangu hakusema nami kwa siku kumi na moja.

Buti lile nililikata kwa msumeno vipande vinne kabla ya kulitupa, asije mtu akaliokota jaani akalisafisha akaliuza. Kisha, kabla hajarudi chuoni, nilimwita mpwa wangu barazani asubuhi na karatasi mbili za khaki. Alivua viatu, akasimama wima. Nikapiga magoti na penseli, kwanza kulia, kisha kushoto. Mguu wake wa kulia ni sentimita 26 na nusu. Wa kushoto ni 26.